Harold Storey na ua la muhogo: maisha ya mtu aliyeanza vita dhidi ya michirizi ya kahawia

Kila mkulima wa muhogo kuanzia Newala hadi Masasi anaijua siku hii. Shamba limesimama vizuri, shina ni refu, majani yapo. Unang'oa kwa matumaini, unapasua muhogo kwa kisu, na ndani unakuta mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo cha chupa. Unang'oa shina la pili, hali ni ile ile. Hapo makopa yanapungua, unga unapungua, na chakula cha miezi ile migumu kabla ya mavuno ya mahindi kinakuwa mashakani.

Ugonjwa huo unaitwa michirizi ya kahawia. Pamoja na batobato, ndiyo magonjwa mawili yanayoiumiza zaidi mihogo ya ukanda wetu. Leo tunakuletea maisha ya mtu wa kwanza kuuandika ugonjwa huu kitaalamu, akiwa hapa hapa Tanganyika. Jina lake ni Harold Haydon Storey. Tutaeleza pia juu ya kitu kidogo sana kilichomo ndani ya ua, kisichoonekana kwa macho matupu, ambacho bila hicho kazi yake isingewezekana. Ni tabaka linalolisha chavua ikiwa bado changa.

Alizaliwa mwaka ugonjwa ulipoandikwa

Storey alikuwa Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1894. Mwaka huo huo, mtaalamu wa mimea wa Kijerumani aitwaye Otto Warburg aliandika juu ya mazao ya milima ya Usambara, na humo akaeleza ugonjwa wa muhogo unaokunja majani na kuyatia madoa ya kijani na njano. Ni ule tunaouita batobato. Hayo ndiyo maandishi ya kwanza yanayojulikana kuhusu ugonjwa huo popote duniani. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule, mbali kabisa na Usambara, ndiye aliyekuja kuyatumia maisha yake katika milima hiyo hiyo akipambana nao.

Lakini hakuanza na muhogo. Alianza na mahindi, huko Durban, Afrika Kusini, katika miaka ya 1920. Wakulima wa huko walikuwa wakiona mahindi yao yakitoka mistari myeupe ya njano kwenye majani, kisha yakidumaa. Sisi pia tunaijua milia hiyo. Wakati ule haikujulikana inapitaje kutoka mmea hadi mmea. Wengine walidhani ni udongo, wengine hali ya hewa.

Storey alionyesha kwamba anayeupeleka ni mdudu mdogo arukaye kutoka jani hadi jani, ambaye hufyonza maji ya mmea mgonjwa kisha akaenda kufyonza mmea mzima. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1925. Miaka michache baadaye, akishirikiana na mwenzake, alionyesha kwamba ugonjwa wa rozeti wa karanga, ule unaozifanya karanga zijikunyate kama ua lililofunga, hupelekwa na vidukari. Mtu anayelima karanga Masasi au Nachingwea ataelewa uzito wa jambo hilo. Ukishajua nani anaubeba ugonjwa, ndipo unapoweza kuanza kujikinga.

Mdudu na sindano

Mwaka 1928 Storey alihamia kituo cha utafiti cha Amani, katika Usambara Mashariki, juu ya Muheza mkoani Tanga. Kituo hicho Wajerumani walikianzisha mwaka 1902, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza wakakifanya kuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki.

Akiwa Amani aliendelea na wale wadudu wa mahindi, na hapo akagundua jambo la kushangaza. Si kila mdudu wa aina ile anaweza kubeba ugonjwa. Wapo wanaoweza na wapo wasioweza, na uwezo huo hurithiwa kutoka kwa wazazi kama vile mtoto anavyorithi sura. Alitenga koo mbili, moja ya wabebaji na moja ya wasiobeba, akazikutanisha na kuhesabu watoto wao.

Kisha akauliza: kwa nini hawa hawawezi? Alichukua sindano nyembamba mno, akamtoboa tumboni mdudu wa ukoo usiobeba, mdudu ambaye mwenyewe ni mdogo kuliko punje ya mchele. Baada ya kutobolewa, mdudu yule akawa na uwezo wa kupeleka ugonjwa. Maana yake, kizuizi kilikuwa ukuta wa utumbo. Virusi vilipopata tundu la kupita, vilifika kwenye damu ya mdudu na kutoka kwa mate yake. Kazi hiyo ya miaka ya mwanzo ya 1930 ilimpatia sifa duniani, na mwaka 1946 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, heshima ambayo wanasayansi wachache hupewa.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha tabia yake. Hakutosheka kujua kwamba jambo linatokea. Alitaka kujua mlango ambao linapitia.

Ugonjwa wa pili wa muhogo

Katika miaka ya 1930 batobato ilikuwa imeenea sana katika mashamba ya Afrika Mashariki. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikihimiza muhogo ulimwe kama akiba ya njaa, kwa sababu unavumilia ukame na nzige hawauharibu kama nafaka. Lakini akiba inayougua si akiba.

Storey alipokuwa akichunguza mihogo ya chini ya milima ya Usambara aliona kwamba baadhi ya mimea ilikuwa na dalili ambazo si za batobato. Majani hayakukunjamana. Yalikuwa na umanjano unaofuata mishipa, hasa majani ya chini yaliyokomaa. Shina bichi lilikuwa na michirizi ya kahawia. Mwaka 1936 aliandika kwamba huu ni ugonjwa mwingine, wa virusi, na jina alilolitumia ndilo tulilonalo hadi leo.

Ugonjwa huu ni mjanja kuliko batobato. Batobato huonekana juu, kila mpita njia anaiona. Michirizi ya kahawia inaweza kujificha. Shina linaonekana zuri, mkulima anakata pingili, anampa ndugu yake mbegu kwa moyo mweupe, kumbe amempa na ugonjwa. Mwenzake Storey pale Amani, R. F. W. Nichols, alikuja kueleza mwaka 1950 kwamba ugonjwa huu ulikuwa ni wa nchi za chini, hasa pwani, na ulikuwa nadra kwenye miinuko iliyozidi mita 1,000 hivi. Uwanda wa Makonde uko chini ya kimo hicho. Ndiyo sababu Newala, Masasi na Mtwara zimo ndani ya eneo lake la asili.

Kutafuta dawa ndani ya ua

Ugonjwa wa virusi katika mmea hauna dawa ya kunyunyizia ikauponya. Storey na Nichols walijua kwamba njia ya kudumu ni kupata muhogo wenye kinga ndani yake. Walikusanya aina za mihogo kutoka sehemu nyingi na kuzipanda Amani. Nyingine zilistahimili kidogo kuliko wenzake, lakini hawakupata hata moja iliyokuwa haishikwi kabisa.

Basi wakageukia jamaa za muhogo. Na hapa ndipo mambo yanapokuja nyumbani kwetu, maana jamaa waliyemtegemea kuliko wote ni mti unaoujua. Ni ule mti wa mpira ambao majani yake hupikwa kisamvu. Kisamvu cha mpira hakitoki kwenye muhogo wa kawaida, bali kwenye ndugu yake, mti mrefu wenye asili ya Brazil. Wajerumani waliupanda kwa wingi kabla ya vita ili wapate mpira kutokana na utomvu wake. Bei ilipoanguka, mashamba yale yalitelekezwa, lakini miti ilibaki, na akina mama wakaona majani yanafaa mboga.

Mti huo una nguvu dhidi ya magonjwa. Kasoro yake ni kwamba mizizi yake ni migumu kama kuni, haina cha kula. Storey na Nichols walitaka nguvu ya mpira iingie katika mwili wa muhogo. Njia iliyokuwapo ni moja tu, kuchukua chavua ya mmoja na kuipeleka kwenye ua la mwingine.

Tuitazame kazi hiyo kwa karibu. Muhogo una maua ya kike na ya kiume katika kikonyo kimoja. Ya kike yako chini na hufunguka kwanza. Ya kiume yako juu na hufunguka wiki moja au mbili baadaye. Ndiyo maana kikonyo kimoja hakijipandishi chenyewe kwa urahisi. Nyuki hubeba chavua kutoka kikonyo kingine. Mtafiti anayetaka kuchagua wazazi hufunika ua la kike kwa mfuko kabla halijafunguka ili nyuki wasimtangulie. Likifunguka, huchukua ua la kiume la mzazi aliyemchagua na kupakaza chavua yake, kisha hufunika tena na kufunga lebo. Baada ya miezi miwili hadi mitatu tunda hukomaa na kupasuka likitupa mbegu, kwa hiyo mfuko hauondolewi mapema. Tunda moja hutoa mbegu tatu tu, hata likifanikiwa. Zidisha kwa maelfu ya maua, utaona jasho lililomwagika.

Mlezi asiyeonekana

Lakini kazi yote hiyo ni bure kama chavua ni tupu. Hapa ndipo tunafika kwenye lile tabaka tulilolitaja mwanzoni.

Chukua ua la kiume la muhogo, au hata la mkorosho au la mbaazi. Ndani yake utaona vijiti vyembamba vyenye vichwa vidogo. Kila kichwa kina vifuko ambamo chavua hutengenezwa. Ukikata kifuko kwa wembe na kukitazama kwa hadubini kikiwa bado kichanga, utaona katikati zipo seli mama za chavua, na kuzizunguka pande zote lipo tabaka la seli zilizojaa chakula. Wataalamu huliita tapetamu, neno lenye asili ya Kilatini lenye maana ya zulia, kwa kuwa limetandikwa kwenye ukuta wa ndani wa kifuko kama zulia.

Kazi ya tabaka hilo ni ulezi. Seli mama ya chavua hugawanyika mara mbili na kuwa chembe nne zilizofungiwa pamoja. Tapetamu hutoa kimeng'enya kinachoyeyusha kifungo hicho ili chembe ziachane. Kisha huzilisha sukari, mafuta na protini. Huzipatia pia malighafi ya ganda lao la nje, ganda gumu ambalo ni miongoni mwa vitu visivyooza upesi katika viumbe vyote. Mwisho huzipaka mafuta yenye kunata, yale yanayoifanya chavua ing'ang'anie miguu ya nyuki.

Na baada ya kumaliza hayo yote, tapetamu hufa. Hujivunja yenyewe, na mabaki yake huwa chakula cha mwisho cha chavua. Wakati ua linafunguka, mlezi hayupo tena.

Mambo haya huenda kwa saa. Mlezi akifa mapema mno, chavua hukosa chakula na kusinyaa. Akichelewa kufa, akang'ang'ania kubaki, chavua hubanwa na kukosa urithi wake. Kwa namna zote mbili ua linafunguka likiwa zuri kwa macho, lakini ndani ya vifuko kuna vumbi lisilo na uhai. Joto kali, baridi au ukame katika siku hizo chache unaweza kuliharibu tabaka hili, na ndiyo sababu mojawapo ya mahindi kutoa magunzi yenye mapengo baada ya jua kali wakati wa kuchanua.

Muhogo una shida ya ziada. Kwa kuwa tunaupanda kwa pingili karne hadi karne, hatuhitaji mbegu zake, na hivyo mmea usio na chavua hauondolewi shambani. Zipo aina nyingi za muhogo zenye chavua kidogo au zisizo nayo kabisa. Na unapochanganya jamaa mbili zisizo za aina moja, kama muhogo na mpira, watoto wao mara nyingi huwa na chavua dhaifu kuliko wazazi. Mtafiti wa Amani alilazimika kujua kwanza ni mmea upi una chavua hai na upi utatumika upande wa kike tu.

Kurudi kwa muhogo, mara tatu

Watoto wa kwanza wa muhogo na mpira walikuwa na nguvu dhidi ya ugonjwa, lakini mizizi yao haikufaa kuliwa. Kwa hiyo walirudishwa kwa muhogo, yaani chotara alipandishwa tena na muhogo halisi. Watoto waliopatikana walipandishwa tena na muhogo, na mara ya tatu tena. Kila mara mimea michanga iliachwa ipambane na ugonjwa, iliyoshindwa ikatupwa, na iliyobaki ikang'olewa ili ionekane mizizi yake ikoje. Muhogo kutoka mbegu hadi kuvunwa huchukua mwaka au zaidi. Hesabu mwenyewe miaka.

Kazi ilianza katika nusu ya pili ya miaka ya 1930, ikapita katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, na katika miaka ya 1940 wakaanza kupata mimea yenye mizizi mizuri na kinga nzuri. Katika miaka ya 1950 D. L. Jennings aliipokea kazi kutoka kwa Nichols na kuiendeleza. Mimea hiyo haikupewa majina matamu. Ilipewa namba. Mmoja ulikuwa 46106/27.

Ni haki tuseme pia yale ambayo majarida ya wakati ule hayakuyasema. Vichwa vya makala za Amani vina jina la Storey, la Nichols na la Jennings. Waliolima vitalu vile, waliopanda ngazi na kufunika maua na waliong'oa na kupasua mihogo, wengi walikuwa Waafrika, na majina yao hayakuwekwa juu ya makala. Nao pia walikuwa walezi ambao hawaonekani ua linapofunguka.

Kufungwa kwa kazi, na safari ndefu

Mwishoni mwa miaka ya 1940 shughuli za utafiti wa kilimo za Afrika Mashariki zilianza kuhamishiwa Muguga, karibu na Nairobi. Storey naye alikwenda huko. Alirudi kwa mpenzi wake wa zamani, mahindi. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 kutu kali ya mahindi kutoka Amerika ilikuwa imeingia Afrika Mashariki na kutishia chakula cha watu wengi. Storey na mwenzake A. K. Howland walitafuta mahindi yenye kinga dhidi ya kutu hiyo, wakaonyesha jinsi kinga hiyo inavyorithiwa. Mwaka 1967, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, jina lake lilikuwa bado linatokea kwenye makala juu ya kinga dhidi ya milia ya mahindi, ugonjwa ule ule alioanza nao Durban zaidi ya miaka 40 nyuma. Alifariki dunia mwaka 1969.

Kazi ya muhogo ya Amani ilikwisha mwaka 1957. Mtu angeweza kudhani miaka ile 20 imepotea. Haikupotea. Mbegu zilizotokana na mihogo ya Amani zilikuwa zimepelekwa Nigeria, na huko Ibadan ukachaguliwa mmea mmoja ulioitwa 58308. Taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, IITA, ilipoanza kuzalisha mihogo katika miaka ya 1970, mmea huo ulikuwa mmoja wa wazazi wakuu. Miongoni mwa uzao wake ni aina iliyojulikana kama TMS 30572. Batobato kali ilipoifagia Uganda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, aina hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizoletwa kuokoa, na Waganda wakaiita Migyera. Muhogo uliotoka Usambara ulizunguka hadi Afrika Magharibi, ukarudi Afrika Mashariki ukiwa na jina jipya.

Lakini aina hizo zilichaguliwa Nigeria, ambako hakuna michirizi ya kahawia. Zilikuwa hodari kwa batobato, dhaifu kwa huu ugonjwa wetu wa pili. Na kuanzia mwaka 2004 michirizi ya kahawia ilionekana ikienea Uganda, hata kwenye miinuko ya zaidi ya mita 1,000 ambako zamani haikusumbua. Onyo la Storey la mwaka 1936 likawa habari mpya.

Namikonga

Sasa turudi kusini. Katika miaka ya 1990 watafiti walizunguka mashamba ya Mtwara na Masasi na maeneo ya jirani, wakapasua mihogo na kukuta ugonjwa umeenea mno. Walikuta pia kwamba wakulima wenyewe walikuwa na aina zinazostahimili, aina ambazo majani yanaweza kuonyesha dalili lakini muhogo ardhini unabaki mweupe. Wakulima walizichagua kwa jembe na kwa kisu, bila hadubini.

Moja ya aina hizo ni Namikonga. Watafiti walipozipima aina mbalimbali kwa vinasaba, walikuta kwamba Namikonga ya kusini mwa Tanzania na muhogo uitwao Kaleso wa pwani ya Kenya ni kitu kimoja. Na Kaleso ni 46106/27, yule chotara wa Amani mwenye namba badala ya jina.

Fikiria hilo. Mmea uliotokana na ua la mpira lililogusishwa na ua la muhogo kwenye mlima wa Tanga, ukapandishwa na kupandishwa tena, ulikuwa umepewa jina la nyumbani na wakulima wa kusini na kulimwa kama urithi wao. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimeitumia Namikonga kama mzazi. Waliipandisha na Albert, aina inayoshikwa upesi na ugonjwa, ili kutafuta ni sehemu gani ya vinasaba inayobeba kinga. Kazi ya kufunika maua kwa mifuko inaendelea, safari hii mkoani Mtwara.

Tunachobaki nacho

Namikonga si kinga kamili. Inaweza kushikwa, ila mizizi yake huharibika kidogo. Kwa hiyo kazi ya shambani bado ni yetu. Kabla hujakata pingili za kupanda au za kumpa mwenzako, angalia majani ya chini kama yana umanjano unaofuata mishipa. Angalia shina bichi kama lina michirizi ya kahawia. Na kwa kuwa ugonjwa hujificha, ng'oa shina hilo unalotaka kukatia mbegu na upasue mizizi yake. Ukikuta mabaka ya kahawia, usichukue pingili hapo hata kama juu linapendeza. Mashina yenye dalili yakiwa bado machanga yang'olewe na kuteketezwa. Shamba lililokwisha kushikwa livunwe mapema, kwa sababu kadiri muhogo unavyokaa ardhini ndivyo uozo unavyozidi.

Na ukiuona muhogo wako ukitoa maua, usipite tu. Simama kidogo. Ua lile la kike lililo chini linangoja, na lile la kiume lililo juu lina vifuko ambamo mlezi amekwisha kufanya kazi yake na kuondoka. Storey hakuumba kinga yoyote. Kinga ilikuwapo ndani ya mti ambao tulikuwa tukiuchumia mboga. Alichofanya yeye na wenzake ni kuitoa upande mmoja na kuipeleka upande wa pili, chembe kwa chembe, kwa miaka 20, bila kujua kwamba siku moja mtu wa kusini angeipasua ile mihogo, aione nyeupe, na kuiita kwa jina la kwao.